Siku sita za kumtafuta kima punju na popo wa Pemba

Swali: Habari mtaalamu. Tunaishi Dodoma, mimi, mume wangu na watoto wawili wa miaka 13 na 8. Mikumi tumekwenda mara mbili. Mkubwa kaniuliza kama kuna mnyama ambaye yuko kwetu tu, duniani kote hayupo kwingine. Nikamtajia kima punju wa Unguja na popo wa Pemba, sasa anataka awaone. Likizo ya Juni tuna siku sita. Je, siku hizo zinatosha wote wawili? Tutawaona kweli porini au ni wa kufugwa? Na huyu mdogo anaogopa popo.

Jibu:

Salama, dada yangu. Kwanza mpe mwanao hongera yangu, maana kauliza swali ambalo watu wazima wengi hawaulizi. Tembo unaweza kumkuta nchi nyingi za Afrika. Kima punju kiasili ana kisiwa kimoja, na hata humo hayuko kila mahali.

Nianze na hili la kufugwa. Hapana, si wa kufugwa. Pale Jozani, msitu wa hifadhi ulioko Unguja, hakuna uzio wala mtu anayewapelekea chakula. Kinachowachanganya watu ni kwamba makundi mawili matatu ya karibu na ofisi ya hifadhi yamezoea kuona binadamu kwa miaka mingi, kwa hiyo hayakimbii. Mtasimama njiani, na kima akashuka hadi kwenye tawi la usawa wa macho yenu, akaendelea kula kana kwamba hampo. Mgeni akiona hivyo hudhani amefunzwa. Ukweli ni kwamba amewapuuza tu, na hiyo ndiyo hali nzuri ya kumtazama mnyama wa porini: anaendelea na maisha yake.

Kuhusu siku sita, nikueleze bila kukuzunguka: zinabana. Njia ya kwenda na kurudi Dodoma inakula siku mbili kamili, zinabaki nne. Kwa siku nne mnaweza kuwaona wote wawili kama Pemba mtakwenda kwa ndege walau upande mmoja. Kama mfuko hauruhusu, au kama mmoja wenu anaumwa na bahari, iacheni Pemba kwa mwaka mwingine na zote nne mzitumie Unguja. Nimeona familia nyingi zikipiga mbio visiwa viwili, zikarudi na picha tu, watoto wamechoka na hawakumbuki walichokiona. Mpango wangu huwa haubadiliki: chagua mnyama mmoja awe ndiye safari, mwingine awe nyongeza. Kwenu ningemfanya kima punju ndiye safari.

Ratiba ningeipanga hivi. Siku ya kwanza pandeni treni ya asubuhi hadi Dar, mlale karibu na bandari. Siku ya pili boti ya kwanza, ambayo huwafikisha Unguja kabla jua halijawa kali, kwa kuwa boti za kasi hutumia kama saa mbili. Msikae mjini. Chukueni gari moja kwa moja kwenda kusini. Jozani iko kama kilomita 35 kutoka mjini, na daladala za Makunduchi na Jambiani hupita mbele ya lango lake. Tafuteni nyumba ya wageni upande huohuo wa kusini, Paje, Jambiani au Kizimkazi, ili asubuhi ya kesho yake msianze kupambana na foleni za mjini. Pumzikeni mchana. Saa tisa alasiri nendeni msituni mara ya kwanza.

Siku ya tatu rudini palepale asubuhi, mara tu lango linapofunguliwa. Ndiyo, mara ya pili, mahali palepale. Najua utasema ni kurudia na ni kulipa tena. Lakini mara ya kwanza watoto hutazama rangi na mkia, na wazazi hushika simu. Ni mara ya pili ndipo mtu anapoanza kuona nani mama wa nani, nani anamfukuza nani, na wanakula nini. Pesa mtakayookoa kwa kuacha ziara nyingine yoyote ya kisiwani, iwekeni hapa.

Sasa niwaeleze mtakachokitazama. Kima punju ana mgongo mwekundu wa kutu, mabega na mikono meusi, tumbo jeupe, na kichwani kichaka cha nywele ndefu nyeupe kilichotawanyika kama cha mzee aliyeamka sasa hivi. Midomo na ncha ya pua ni ya waridi. Mwambie mkubwa aangalie mkono: dole gumba hakuna, limebaki alama tu. Vidole vinne vinatosha kumning'iniza, na wakati wa kuruka vinafanya kazi kama ndoano. Tumbo lake lina vyumba kadhaa kama la mbuzi, ndani mna bakteria wa kuchachusha majani, ndiyo maana anaishi kwa majani, machipukizi na matunda mabichi. Tunda bivu lenye sukari linamvuruga tumbo. Ndizi mbivu mnayomwonea huruma kumpa inaweza kumdhuru.

Jina lake nalo litawafurahisha watoto. Punju ni sumu. Wazee wa vijijini waliamini kuwa mbwa akimla hunyonyoka manyoya, na mti anaoula hufa. Imani hiyo, kwa mtazamo wangu, ilimkinga kwa miaka mingi, kwa sababu hakuna aliyetamani nyama yake. Hata hivyo haikumsaidia sana shambani, kwani wakulima walimwona mharibifu wa minazi. Hapo ndipo utafiti ulipoleta jambo ambalo mimi hulisimulia kila nipatapo nafasi. Mwaka 1999 watafiti Kirstin Siex na Thomas Struhsaker walichapisha matokeo ya kuhesabu nazi changa zilizoliwa na kima na nazi zilizovunwa katika mashamba ya karibu na Jozani. Walikuta kwamba pale kima walipokula vidaka vingi zaidi, mavuno hayakupungua. Yalielekea kuwa makubwa zaidi. Maelezo yanayokubalika ni kwamba kupunguza vidaka vya ziada huuacha mnazi ukalisha vizuri vile vilivyobaki, kama mkulima anavyopogoa.

Jambo la pili ambalo ningependa mlione, ingawa haliahidiki, ni makaa. Vuka barabara upande wa mashamba na utakuta miembe na mikungu. Majani ya miti hiyo yana protini nyingi, lakini yana pia kemikali chungu ambazo humsumbua mlaji. Kima wa upande huo wamejifunza kula makaa, ambayo hunyonya kemikali hizo tumboni. Wanayaokota kwenye visiki vilivyoungua, kwenye matanuri ya makaa, na hata majikoni. Mara moja nilikuwa nimekaa uani kwa mwenyeji wangu, jiko limeshazimwa. Akashuka jike mmoja, mtoto kamng'ang'ania tumboni. Hakutazama sufuria wala muhogo uliokuwa kwenye ungo. Alinyoosha mkono, akachagua kipande cha kaa la ukubwa wa kiberiti, akakiweka chini, akachukua kingine, kisha akapanda nacho mwembeni. Nilisikia akitafuna: kra, kra, kra. Aliponigeukia, ile midomo ya waridi ilikuwa na weusi wa makaa pembeni, na mtoto alikuwa amenyoosha shingo akinusa mdomo wa mama yake. Inaaminika ndivyo wanavyofundishana, mtoto kwa mama. Kundi linaloishi ndani kabisa ya msitu mnene, mbali na miembe na mikungu, halina tabia hiyo.

Kwa sababu hiyo siku ya tatu msiridhike na njia ya ndani ya msitu peke yake. Mwombeni mwongozaji awaonyeshe kima mahali pa aina tatu. Msituni kwenyewe, chini ya mitondoo na mikindu, ardhi imelowa na maji ya chini yako karibu, na mwezi wa Juni, masika ikiwa imetoka kuisha, mtazama kifundo msipovaa viatu vya kufunika. Kisha upande wa mashamba niliokueleza. Halafu mikoko ya Pete, ambako kuna daraja refu la mbao linalopita katikati ya mikoko. Watu wengi hupita pale kwa dakika kumi wapige picha za mizizi. Kaeni. Majani ya mikoko yana chumvi, na kima wanaoyala hulazimika kutafuta maji ya kunywa mara kwa mara, kwenye vishimo vya miti na mawe yanayokusanya maji ya mvua, jambo ambalo kima wa msituni huwa halifanyi sana kwa kuwa anapata maji ya kutosha kwenye majani. Mnyama ni mmoja, kisiwa ni kimoja, lakini maisha ni matatu. Mkifika mwisho wa daraja hilo mkayaona hayo, mtakuwa mmemfahamu kuliko wageni wengi wanaokuja kutoka mbali.

Mwongozaji msimkwepe. Kwa kawaida yumo katika tiketi, na ndiye anayejua asubuhi hiyo kundi limelala wapi. Mkifika mwambieni wazi: hatuna haraka, tunataka kukaa na kundi moja. Wengi wao wamezoea kuwaendesha watu mbio kwa sababu wageni wanawahi ufukweni, na utaona sura inavyobadilika akijua amepata watu wa kutazama. Muulizeni pia kuhusu paa nunga. Huyu ni paa mdogo mwekundu mwenye kishungi kichwani na mkanda mweupe nyuma, adimu sana, anapatikana Unguja na katika misitu michache ya pwani ya Kenya kama Arabuko-Sokoke na Boni. Ni mwoga na hukaa maweni, kwenye vichaka vya juu ya mawe ya matumbawe. Nafasi ya kumwona ni ndogo, lakini ana desturi ya kufuata chini ya kima na kuokota majani na matunda yanayodondoka. Mkikaa kimya chini ya kundi, mmoja wenu atazame juu na mwingine atazame chini.

Kuhusu saa: asubuhi kuanzia saa moja na nusu hadi saa nne, na alasiri kuanzia saa tisa. Mchana katikati wanapumzika kusaga majani, na mtaona migongo tu.

Watoto wakae mbali angalau hatua saba nane, hata kima akisogea yeye. Akisogea, ninyi mrudi nyuma. Msile mbele yao, msibebe mfuko unaochakacha, msipige picha kwa mwanga wa kamera. Mwenye mafua abaki nyumbani siku hiyo. Maradhi yetu ya kifua yanawaambukiza, na hao ndio wote waliopo. Napenda niseme hili kwa uzito. Sensa iliyoongozwa na shirika la Wildlife Conservation Society, matokeo yake yakatoka 2017, ilikuta zaidi ya kima punju 5,800. Ilikuwa habari njema, kwa sababu makadirio ya awali yalikuwa chini ya nusu ya hapo. Lakini fikiria: wote hao kwa pamoja hawajazi uwanja mdogo wa mpira. Na wale wa nje ya hifadhi, makazi yao yanakatwa kila mwaka kwa kuni, makaa na viwanja. Barabara ya kusini nayo ilikuwa ikiwaua, na matuta yaliyowekwa mbele ya Jozani yamepunguza vifo bila kuvimaliza. Dereva wenu akikaribia hapo, mwombeni apunguze mwendo kabla ya tuta.

Sasa Pemba. Kama mmeamua kwenda, siku ya nne asubuhi ruka kwa ndege ndogo, ni kama nusu saa. Boti ipo, inatia nanga Mkoani, lakini safari zake ni chache kuliko za Dar, kwa hiyo ratiba ulizeni kabla hamjalipa chochote. Juni ni msimu wa upepo wa kusi, bahari ya mkondo ule huchafuka, na mtoto wa miaka minane anaweza kutapika njia nzima. Mkipanda boti, nunueni vidonge vya kichefuchefu na mmeze kabla ya kuondoka, si baada ya mawimbi kuanza.

Mwanao mkubwa atauliza kwa nini Pemba iwe na popo wake peke yake. Mwonyeshe ramani. Kati ya Unguja na bara maji ni ya kina kifupi. Bahari ilipokuwa chini enzi za barafu, Unguja ilikuwa sehemu ya bara, na imekuwa kisiwa tena kwa miaka isiyozidi makumi ya maelfu. Ndugu wa karibu wa kima punju wako Udzungwa, bara. Pemba ni hadithi nyingine. Mkondo wake unashuka hadi karibu mita 800, na kisiwa kimekaa peke yake kwa mamilioni ya miaka. Na popo wake hakutoka bara kabisa: jamaa zake ni popo wakubwa wa visiwa vya Bahari ya Hindi na Asia, Mafia, Komoro, Madagaska hadi India. Bara la Afrika halina hata mmoja wa ukoo huo.

Popo huyu mabawa yake yakinyooshwa yanafika mita 1.6. Kumwona ni rahisi kuliko mnavyodhani. Katika kijiji cha Kidike, kati ya Chake Chake na Wete, wamelala mamia kwa mamia wakining'inia kwenye miti mirefu, na wanakijiji wenyewe ndio wanaoulinda msitu na kukusanya kiingilio. Zamani walikuwa wanapigwa bunduki na kuliwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa wamebaki maelfu machache. Vikundi vya vijiji na shule vilibadilisha hilo. Baada ya miaka kama 15 hesabu ilipita 20,000. Sijui ushindi mwingi wa aina hii unaomilikiwa na wanakijiji wenyewe, na watoto wenu wanastahili kusimuliwa na watu waliofanya kazi hiyo. Nendeni saa kumi alasiri, mkiwaona wamelala, mkae hadi magharibi. Jua likizama huanza mmoja, halafu watano, halafu anga inajaa.

Kwa huyo mdogo anayeogopa, mfanyieni hivi. Kabla ya safari mwonyesheni picha ya uso wa popo huyo kwa karibu. Atashangaa: ni uso wa mbwa mdogo, manyoya ya rangi ya chungwa iliyokolea, macho makubwa yanayotazama. Mwambieni kwamba huyu hasikilizii mwangwi gizani kama popo wadogo wa darini. Anatumia macho na pua, na anakula maembe, mashelisheli na maua, wala hana haja na mtu. Na bila yeye mbegu nyingi za misitu ya Pemba zisingefika mbali. Pale Kidike mkaeni pembeni kidogo, si chini ya mti moja kwa moja, kwa sababu wanajisaidia wanaporuka, na mtoto akipatwa na hilo mara ya kwanza, woga utaongezeka. Akitaka kuondoka kabla ya giza, mmoja wenu amwondoe bila kumlaumu.

Siku ya tano asubuhi, kama bado mna nguvu, nendeni Ngezi, msitu wa kaskazini magharibi ya Pemba. Kuna ndege wanne wa Pemba pekee: bundi mdogo, ninga, chozi, na kidege chenye duara jeupe kuzunguka macho. Kima punju nao wako huko, ukoo mdogo uliopelekwa kutoka Unguja mwaka 1974 na ukaendelea kuishi. Bundi hutoka usiku, kwa hiyo mwombe mlinzi wa msitu awaonyeshe mahali anapolala mchana. Baada ya hapo rukeni kwenda Dar jioni, mlale, treni ya siku ya sita iwarudishe Dodoma. Tiketi ya ndege kati ya Pemba na Dar ikatwe mapema, ndege zake hazina viti vingi.

Vitambulisho vya taifa vyako na vya mume wako msisahau, wananchi hulipa kiingilio kidogo kuliko wageni wa nje. Kwa watoto chukueni vyeti vya kuzaliwa. Mbebe miwani ya kutazamia mbali, hata moja ya bei nafuu, kwa sababu kima akiwa juu mtoto bila miwani huona kitu chekundu tu. Chui wa Unguja msimwahidi mkubwa. Huyo amebaki wa hadithi, anasimuliwa na kila mzee wa Makunduchi, na si mnyama wa kupanga safari kwa ajili yake. Mwambieni badala yake achore mkono wa kima punju usio na dole gumba, siku ya pili jioni, kwa kumbukumbu, kisha siku ya tatu asubuhi aukague upya mbele ya mnyama mwenyewe.